Wametufungia sola juu ya nyaya za enzi za majenereta ya Wesha, na breka ilipotuonya wakaing'oa

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Hasira niliyonayo nimelala nayo siku nne kabla ya kuandika, ili nisije nikasema jambo nisiloweza kulisimamia. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nimewapa muda hadi Jumatatu na sitaki waje waseme nimewachafulia jina kabla ya kuwasikiliza.

Nyumba ni ya mama, hapa Chake Chake. Marehemu baba aliitia umeme wakati Pemba nzima ikitegemea majenereta ya Wesha, na mwenye umri wangu anakumbuka jinsi umeme ule ulivyokuwa haba. Mtu alitia taa nne, soketi moja ya redio, na akijaaliwa alitia panka ukumbini. Nyaya zilikuwa nyekundu na nyeusi basi, wa ethi, ule wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja, haukuwepo. Mwaka 2010 ukaja umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na kila nyumba ikanunua friji. Kwetu sisi friji ilikuja, ikaja pampu ya maji, pasi, birika, na kila kimoja kiliungwa pale palipokuwa karibu, na fundi yeyote aliyekuwa karibu. Hilo nalikiri mapema, kwa sababu najua kuna watakaoniambia kwamba kosa ni letu. Nyaya zilikuwa mbovu, sikatai. Ninachouliza ni nani alipaswa kuziangalia kabla ya kupokea milioni tisa na nusu.

Mtu wao wa mauzo alikuja mara mbili. Alipanda juu ya bati, akapima upande wa jua, akahesabu vyombo, akanywa chai. Boksi la fyuzi liko nyuma ya mlango wa ukumbi, kimo cha bega, hakulifungua. Nilimuuliza kwa kinywa changu mwenyewe, mbele ya mama, kama nyaya za ndani zitastahimili, akajibu kwamba inverta yao, chombo kinachougeuza umeme wa sola uwe wa matumizi ya nyumbani, ni ya kisasa na "inajirekebisha yenyewe". Siku ya makabidhiano akamwambia mama, "Bi mkubwa, sasa piga pasi na chemsha maji utakavyo, jua halina Tukuza", yaani umeme wetu wa kulipia kabla. Mama akacheka, akamuombea dua.

Tatizo la kwanza lilijitokeza jioni ile ile. Kwenye upande wa kutokea umeme wa inverta walikuwa wamefunga breka ya kuvuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, ambayo hukata umeme unapovuja miliampia 30. Hicho ndicho kitu cha maana pekee walichofunga. Ikawa kila Maghribi, mama akiwasha taa ya ukumbini, tap, nyumba nzima giza. Ukiizima taa ile na kuirudisha breka, mambo shwari. Ukiiwasha tena, tap. Tuliwapigia simu siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaja kijana na bisibisi, akaitazama breka kwa dakika mbili, akaniambia, "Sheikh, hii breka mbovu, zimekuja nyingi namna hii." Akaifungua, akaiweka mfukoni, akaziunganisha nyaya moja kwa moja. Taa ikawaka. Akaondoka, nami nikamshukuru, Mwenyezi Mungu anisamehe ujinga wangu.

Breka ile haikuwa mbovu. Kazi yake ni kupima umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro, na vikipishana inakata. Walipogawa nyumba mafungu mawili, taa na vyumba viende kwenye inverta, jiko na pampu vibaki kwenye umeme wa gridi, hawakujua, kwa kuwa hawakuangalia, kwamba taa ya ukumbini miaka hiyo iliazimiwa nyutro kutoka soketi ya jikoni. Basi umeme ukawa unatoka upande wa inverta na kurudi upande wa gridi. Breka inaona umetoka na haukurudi, inakata, kama ilivyoundwa kufanya. Ilikuwa ikisema kweli kila Maghribi, na wao wakaichukua shahidi huyo wakamtia mfukoni. Tangu hapo umeme wa gridi ukikatika, taa ya ukumbini inazimika nao, na mama akawa anauliza sola tumeifunga ya nini.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Unguja. Mama alikuwa akipiga pasi chumba cha nyuma, na mjukuu wake kachomeka birika kwenye soketi hiyo hiyo kwa kigawio, maana si waliambiwa watumie watakavyo. Kilichomshtua mama ni harufu, anasema ilikuwa kama ya samaki aliyeungua. Uso wa soketi ulikuwa umelainika na kuporomoka upande mmoja kama mshumaa, na juu yake ukutani chokaa imefanya weusi wa urefu wa mkono, ikifuata njia ya waya ndani ya ukuta. Mjukuu alikuwa na akili ya kukimbilia inverta na kuizima. Pasi wati 2000, birika wati 2200, jumla yake kwa volti 230 ni ampea 18 na ushee, zikipita kwenye waya wa milimita 1.5 uliotiwa kwa ajili ya redio. Mafundi wao walipofunga inverta walilikwepa boksi la fyuzi la zamani, wakakusanya nyaya zote za vyumba chini ya breka moja ya ampea 32. Breka ya ampea 32 haiwezi kuulinda waya wa milimita 1.5; waya utaungua wote, breka imekaa kimya. Nayo inverta ya kilowati 5 inaweza kutoa zaidi ya ampea 21 bila kunung'unika.

Nilivuka kurudi Pemba, nikamtafuta mzee mmoja wa Wete aliyestaafu kazi ya umeme. Alikuja na mega yake, kipimo cha kujua kama ganda la waya bado linazuia umeme, ndani ya kikapu cha ukili. Alizima kila kitu, akachomoa kila chombo, akatoa balbu zote, ndipo akaanza kupima kinga ya nyaya kwa volti 500. Kipimo kinachokubalika ni angalau megaomu 1. Laini ya chumba cha nyuma haikufika hata sehemu ya kumi ya hiyo. Akapanda darini, akanishushia kipande cha waya wa zamani, akanitia kiganjani: mpira wake ulipukutika kama bajia iliyolala, ukabaki uzi wa shaba mtupu uliofanya kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa yetu. Swichi mbili zilikuwa zinakata nyutro badala ya waya wa moto, na hiyo ndiyo sababu ya balbu za LED za chumbani kubaki na mwanga hafifu usiku hata zikizimwa; watoto walikuwa wakisema ni shetani.

Kisha akauliza ethi iko wapi. Nikampeleka nyuma ya nyumba, ambako kampuni ilikuwa imechomeka kitu ardhini na kukifunga waya wa kijani na manjano. Mzee alikishika kwa vidole viwili, akakivuta, kikatoka. Kilikuwa kipande cha nondo, hakizidi futi moja, kwenye mchanga mkavu chini ya upenu ambako mvua haifiki. Fimbo ya shaba ya mita 1.2 wameiandika kwenye ankara, na nimeilipia. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mama yako akigusa friji mikono imerowa, haimpigi?" Inampiga. Ilikuwa inamtekenya tangu siku ya kwanza, akidhani ndiyo tabia ya umeme wa jua.

Niliwapigia kampuni nikiwa na vipimo vyote mkononi. Jibu la kwanza: "Sisi tunafunga sola, nyaya za ndani si kazi yetu." Jibu la pili, baada ya kuomba kuzungumza na mkubwa wao: ningewaambia mapema kwamba nyumba ni ya zamani. Nyumba ina boriti za mkoko na kuta za mawe na udongo, sijui walitaka niwaambie kwa lugha gani. Jibu la tatu ndilo lililoniudhi zaidi. Wanasema kwa kuwa fundi mwingine amegusa nyaya, dhamana imeanguka. Nyaya za ndani si zao pale zinapoungua, ila zinakuwa zao pale zinapoguswa.

Mzee ametupigia hesabu ya kutia nyaya upya nyumba nzima: milimita 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa peke yake, kila laini na nyutro yake, ethi mpaka kwenye kila soketi, boksi jipya lenye breka za saizi ya waya, na breka ya kuvuja irudi mahali pake. Ni milioni moja na laki tisa pamoja na ufundi. Lau yule mtu wa mauzo angelifungua lile boksi siku aliyokunywa chai, tungeanza na hiyo kazi, tukanunua paneli chache kwanza, nyingine tukaziongeza baada ya msimu wa karafuu. Sasa pesa zote ziko juu ya bati, paneli nane zinapigwa jua bure, inverta imezimwa kwa amri ya mzee, na mama amerudi kwenye umeme wa gridi kwa taa mbili alizomwachia, ukikatika anawasha kandili.

Ninachowadai kimeandikwa kwenye barua waliyoisaini kuipokea: wairudishe breka waliyoichukua, waondoe breka ya ampea 32 na kugawa laini, waweke fimbo ya ethi niliyoilipia, warudishe pesa za ufundi wa kugawa mafungu kwa kuwa kazi hiyo itafanywa upya, na dhamana ya inverta na paneli ibaki. Gharama ya nyaya mpya nitaibeba mwenyewe. Wasipojibu Jumatatu, barua hiyo pamoja na picha za soketi nitazipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Naomba msaada mmoja kwa waliofungiwa sola kwenye nyumba kongwe, Unguja au Pemba: kama kampuni yenu ilipima nyaya na kukupeni karatasi ya vipimo kabla ya kupokea malipo, niwekeeni hapa picha yake, mkiziba majina. Huyu mkubwa wao ameniambia kwenye simu kwamba hakuna anayefanya hivyo visiwani humu, na nataka niwe nayo mkononi nitakapoingia ofisini kwake.