Lulu kubwa kuliko zote duniani ni ipi? Mwanangu kaniuliza nimekwama

BabaLulu: Wakuu habari za jioni. Binti yangu anaitwa Lulu, ana miaka 9, leo kaniuliza baba lulu kubwa kuliko zote duniani ni ipi na bei gani. Kuingia mtandaoni nakuta kuna moja ya Ufilipino ina kilo 34, yaani inamzidi uzito hata yeye mwenyewe, halafu pembeni naona ka-lulu ka malkia wa Ufaransa hata sentimita 3 hakafiki kameuzwa dola milioni 36. Hapo ndo nimechanganyikiwa, inakuwaje kadogo kashinde jitu? Anayejua anieleweshe kwa lugha ambayo na mtoto ataelewa.

Mpwani_Fumba: Mkuu hizo zote zinaitwa lulu ila hazikuzaliwa tumbo moja. Ile ya kilo 34 imetoka kwenye kombe, yale makombe makubwa mno ya baharini, haina ule mng'ao, ni nyeupe tu kama kikombe cha kaure na umbo lake halieleweki. Mvuvi wa Palawan, kisiwa cha hukohuko Ufilipino, aliipata 2006 akaiweka chini ya kitanda miaka 10 akiamini inamletea bahati, dunia ikaja kuiona 2016 kule Puerto Princesa. Kabla ya hapo iliyokuwa inatajwa kila mahali ni ya kilo 6.4, nayo ya hukohuko Palawan, ilipatikana 1934. Sasa lulu wanayopigania matajiri ni ya chaza. Huku kwetu Unguja akina mama wanafuga chaza, ukilipasua ganda ndani linang'aa rangirangi, basi chaza akiingiwa na kidudu au akiumia analizungushia lile jeraha tabaka hilohilo linalong'aa, juu ya tabaka tabaka, miaka inapita. Ikitoka nzuri, kubwa na haina kasoro ni bahati ya ajabu sana, ndo maana bei.

Dada_Mwana: Na kingine ni nani aliivaa. Hiyo ya dola milioni 36 ni ya Marie Antoinette, iliuzwa Geneva Novemba 2018, wauzaji wenyewe walikadiria milioni 1 mpaka 2 tu! Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto alivitoa vito vyake nje ya nchi mapema, yeye akauawa 1793, vito vikamfikia binti yake aliyenusurika. Mimi hapo kwa binti ndo huwa naumia, maana katika nyumba ile alibaki peke yake. Mwambie Lulu pia kuhusu lulu nyingine maarufu inaitwa La Peregrina, ilitoka bahari ya Panama miaka ya 1500, ikavaliwa na malkia wa Uhispania, 1969 mwigizaji Richard Burton akamnunulia mkewe Elizabeth Taylor, naye mwigizaji wa filamu, kwa dola 37,000. Siku moja wako hotelini Las Vegas ikapotea, mama wa watu katafuta kwenye zulia peku kwa nyayo, kumbe iko mdomoni mwa kijibwa chao na haina hata mkwaruzo. Alipofariki ikauzwa 2011 zaidi ya dola milioni 11.

BabaLulu: Asanteni sana. Nimemsomea yote, ya mbwa kaifurahia mno. Sasa anauliza hao waliokuwa wanazitoa chini walikuwa wanapumuaje?

Msafiri_Muharraq: Mwambie hawakupumua. Mimi nafanya kazi Bahrain na hapa mtaani kwangu nyumba za wafanyabiashara wa lulu bado zipo, UNESCO waliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2012. Mzamiaji alikuwa anabana pua kwa kibanio, anafungiwa jiwe mguuni azame haraka, kikapu shingoni, anakusanya chaza kwa pumzi moja tu, dakika moja hivi, akitikisa kamba mwenzake juu anamvuta. Hivyo kutwa nzima, msimu mzima wa joto, na mkuu wa chombo wanamwita nahodha kama sisi. Na hili mtoto akikua kidogo mwambie, wengi katika wazamiaji hao karne ya 19 walikuwa watu wetu, waliuzwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, lulu wakazitoa wao na hela ikaenda kwa bwana. Biashara yenyewe ilikufa miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulianguka na Wajapani wakawa wanafuga lulu kwa wingi. Majina ya wazamiaji wale hayakuandikwa popote kwenye vidani walivyovaa malkia.