Je, kikomo cha siku 14 katika utafiti wa viinitete kisogezwe?

Swali lililotugawa barazani hapa Langoni, Lamu, ni hili: je, wanasayansi waruhusiwe kukuza kiinitete cha binadamu, yaani mimba changa kabisa, maabarani kupita siku 14 tangu yai kurutubishwa? Kikomo hicho kilipendekezwa na kamati ya mwanafalsafa Mary Warnock nchini Uingereza mwaka 1984, kikaingia katika sheria ya huko mwaka 1990. Kwa miaka mingi hakikumzuia mtu, kwani hakuna aliyekikaribia; lakini mwaka 2016 watafiti wa Cambridge na New York walifika siku ya 12 na 13, na mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) ikalegeza msimamo wake.

Mimi nasema kibaki. Jambo kubwa hutokea siku ya 3 hivi, kiinitete kikiwa na seli 4 hadi 8: mpaka hapo huendeshwa na maelekezo yaliyoachwa na mama ndani ya yai, kisha jeni zake chenyewe huanza kufanya kazi, na vingi vinavyokuzwa maabarani hukwama kabla ya siku ya 6. Hapo ndipo wanaotafuta mtoto wanapoumia, na utafiti wa hapo hauhitaji ruhusa mpya. Tena viinitete hivyo ni amana ya wanandoa waliovitoa wakijua mpaka ni siku 14. Waliodai barazani kwamba hakuna ubaya wowote kabla ya roho kupulizwa siku ya 120 hawakuniridhisha, maana mafakihi wanaohesabu siku hizo hawakusema kwamba kilicho kabla yake hakina heshima.

Jibu kutoka Shela

Mwalimu, kuhusu amana nakubaliana nawe: waliotoa waombwe idhini upya. Lakini mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga kabla ya siku ya 28, na usipofunga mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, ilhali mama wengi wakati huo hawajajua hata kama wana mimba. Vidonge vya asidi ya foliki hupunguza hatari hiyo bila kuimaliza. Utaniambia mwaka 2023 watafiti wa Israeli walitengeneza kwa seli shina vifano vinavyofanana na kiinitete cha siku 14. Vifano vya siku zinazofuata tutavipima kwa kipi, ikiwa kiinitete chenyewe cha umri huo hakijakuzwa na kuchunguzwa maabarani?