Draiva ya diski: =y au =m?

Muulizaji: Wakuu, najijengea keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux. Kwenye .config, faili la mipangilio yake, nimeweka draiva (programu za kuendesha vifaa) karibu zote =m, yaani moduli zinazopakiwa kando, ili iwe nyepesi. Ya diski nayo niiache hivyo?

FundiKeneli: Hapana mkuu, labda uwe na initramfs, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka. Moduli zinakaa /lib/modules, ndani ya diski hiyohiyo. Keneli itazisomaje kabla ya kupata draiva? Weka =y, iwe ndani ya keneli yenyewe, na ext4 vilevile kama ndiyo mfumo wa faili wa mzizi (/). Sauti, waifai, kamera: =m tu. Ukirekebisha msimbo wa moduli, unaitoa kwa amri ya rmmod na kuirudisha kwa insmod au modprobe bila kuwasha mashine upya. Mimi insmod siipendi, haitafuti moduli tegemezi. Modprobe inazipata kwa kusoma modules.dep, orodha ya moduli na zile zinazozitegemea.

Muulizaji: Na nikibadili keneli?

FundiKeneli: Zijenge upya. Vermagic, alama ya toleo la keneli iliyo ndani ya moduli, isipolingana, moduli inakataliwa.