Jumatano moja kila mwezi ofisi inasimama: nizime apdeti za Windows au nizipange?

fundi_nyanda

Wakuu habari za kazi. Mimi ndiye IT peke yangu kwenye SACCOS moja huku Nyanda za Juu Kusini (na mimi ndiye wa printa, wa CCTV na wa kubadilisha tona). Tuna kompyuta 46: 31 makao makuu kwenye faiba ya 20 Mbps, zilizobaki matawi mawili yanayotumia rauta za 4G kwa bando. Nyingi ni Windows 11 Pro. Tisa ni Home (toleo la nyumbani), meneja wa tawi alijinunulia dukani bila kuniuliza. Sita za kizee bado ziko Windows 10. Domeini (ule mfumo wa kusimamia kompyuta zote kutoka seva moja) hatuna.

Tatizo ni kwamba kila mwezi kuna Jumatano moja mtandao unakufa asubuhi nzima. Mfumo wetu wa mikopo uko kwenye seva ya mbali, kwa hiyo keshia anabonyeza, kiduara kinazunguka, wanachama wamejaa kwenye benchi. Rauta inaonyesha ni Windows inashusha mizigo. Juzi kati mashine ya dirisha la pili ikajizima na kuwaka upya wakati keshia anamhesabia mama mmoja hela ya ada ya mwanawe. Ikaganda kwenye "usizime kompyuta yako" mpaka mama wa watu akaenda kunywa chai akarudi.

Mwenyekiti anasema nizime apdeti zote. Nyie mnafanyaje?

kijana_wa_tona

Zima tu mkuu. Ingia kwenye huduma za Windows, ua Windows Update, bando linapona. Mimi huku nimezima tangu enzi za Windows 7 na maisha yanaendelea.

bi_seva

Fundi, pole na kazi. Kijana wa tona naye nampa pole, ila nitamrudia.

Hiyo Jumatano yako haina uchawi. Microsoft hutoa masasisho ya usalama (hizo apdeti zako) Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu wenzetu wakiwa wamerudisha saa zao nyuma. Wakati huo ofisi yako imefungwa na mlinzi ameshazima umeme ukutani. Jumatano asubuhi mashine zote zinawashwa kwa mpigo na kila moja inaanza kushusha mzigo uleule kivyake. Piga hesabu: GB moja kwenye 20 Mbps ni kama dakika saba mstari ukiwa mtupu. Zidisha kwa mashine 31, hapo zimeshapita saa tatu na nusu na keshia wako bado anasubiri.

Kwa hiyo usizime. Hakikisha mzigo unaingia mara moja halafu wagawane wenyewe kwa wenyewe. Windows ina kitu kinaitwa Delivery Optimization: mashine iliyokwisha kupata vipande inawapa jirani zake walio nyuma ya rauta moja. Kwenye Pro huwa kimewashwa tayari, lakini nimekuta ofisi nyingi hakifanyi kazi kwa sababu mbili: ukuta wa moto wa antivairasi umefunga poti 7680 (mlango wa mtandao kinaopitia), au Wi-Fi imewekwa ile hali ya kutenganisha wateja, kwa hiyo mashine mbili zilizo meza moja hazionani. Ingia kwenye mipangilio ya masasisho, tafuta ukurasa wa shughuli, uone asilimia ngapi imetoka kwa kompyuta za ndani. Ikisoma sifuri, anza na hizo mbili. Humohumo unaweza kubana kasi ya kushusha. Kwenye matawi ya 4G ningebana bila huruma.

Sasa kuhusu kupanga. Sera ya Windows (mipangilio ya msimamizi) inakuruhusu kuchelewesha masasisho ya usalama mpaka siku 30, na toleo jipya mpaka siku 365. Gawa mashine makundi matatu. La kwanza lipate siku ileile, la pili baada ya wiki, madirisha ya makeshia wawe wa mwisho, siku kumi hivi. Kundi la kwanza usijaze mashine za mabosi kwa kuwa wanalalamika kidogo! Chagua kwa kazi: mmoja wa mikopo, mmoja wa uhasibu, na mmoja mwenye printa ya kushea. Huyo wa printa nakuomba usimsahau. Septemba 2021 masasisho ya mwezi yalizua kosa 0x0000011b, na watu kila kona wakashindwa kuchapa kwenye printa za mtandao. Aliyekuwa na kundi la majaribio alilikuta kwenye meza moja. Asiye nalo alilikuta foleni ikiwa mlangoni.

Kukosa domeini kusikutishe. Tengeneza sera kwenye mashine moja, ihamishe kwa LGPO.exe (ni ya Microsoft na ni bure), zunguka na flashi. Hizo tisa za Home hazipokei sera hizi. Waombe wakulipie leseni za Pro, la sivyo utakuwa unaahirisha kwa mkono na kikomo ni wiki tano.

Mashine ya dirisha la pili, kabla ya yote, tazama saa yake na eneo la saa. Windows haijiwashi upya ndani ya saa za kazi ulizoiwekea, ila inafuata saa inayoijua yenyewe.

Kwa mwenyekiti: Microsoft walitoa kiraka cha tundu la usalama lililokuja kutumiwa na kirusi cha WannaCry tarehe 14 Machi 2017. Kirusi chenyewe kikaingia tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, na hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka kilikuwepo muda wote huo. Kijana wa tona, wewe na Windows 7 yako mnaishi kwa dua.

mnara_wa_voi

Bi Seva umesema vizuri, lakini mashine 46 si ni WSUS (huduma ya Microsoft ya kugawa masasisho ndani ya ofisi) moja kwa moja? Seva moja inashusha, wengine wote wanachukua hapo. Sisi Voi tunaitumia na inatusaidia sana.

bi_seva

Mnara, hata mimi ninayo hospitalini na sina mpango wa kuitoa leo. Ila huyu hana seva, hana domeini, na yuko peke yake. WSUS inataka mtu wa kuifagia: kukataa masasisho yaliyopitwa, kutochagua madereva (programu za kuendesha vifaa), kuliongezea kumbukumbu lile bwawa la IIS (programu ya seva inayoibeba WSUS) kabla halijaanguka. Microsoft wenyewe walitangaza Septemba 2024 kwamba hawaiongezei kitu kipya, japo bado imo kwenye Windows Server 2025. Na Oktoba 2025 ilipatikana na tundu baya mpaka wakatoa kiraka cha dharura nje ya ratiba. Nawe kama poti 8530 inaonekana kutoka nje huko Voi, ifunge leo.

fundi_nyanda

Bi Seva, shikamoo! Dirisha la pili eneo lake la saa lilikuwa Pasifiki. Saa nne asubuhi yetu yenyewe inajua ni usiku wa manane. Keshia anasema anatazama saa ya simu, na risiti zinachukua saa ya seva, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Wi-Fi nayo ilikuwa imetenganisha wateja, nimeuondoa utenganisho huo kwenye ya ofisi na kuuacha kwenye ya wageni. Sasa zile sita za Windows 10 nizifanyeje?

bi_seva

Marahaba. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Zenye Intel kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama) zipandishe kwenda 11, ni bure. Zisizoweza, taasisi inauziwa muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, halafu bei inajirudia mara mbili kila mwaka kwa miaka mitatu: 61, 122, 244, jumla 427. Mpelekee mwenyekiti hesabu hiyo pamoja na bei ya mashine iliyotumika, achague mwenyewe. Wakati anafikiria, zisikae kwenye madirisha ya pesa.