Naombeni ushauri: nimealikwa sikukuu ya marehemu huku Mexico, niende au nibaki?

Bintimlima: Habari za jioni wakuu. Nasoma Puebla, Mexico, niko mwaka wa pili. Wiki hii huku ni sikukuu ya marehemu: tarehe 1 Novemba wanakumbukwa watoto, tarehe 2 wakubwa. Rafiki yangu wa darasani ametualika wanne nyumbani kwao Oaxaca. Usiku wa tarehe 31 tutakesha makaburini Xoxocotlán, halafu kuna vikundi vya ngoma vinavyozunguka mtaani na kula sana. Wenzangu wana furaha, mimi usingizi sipati. Nimelelewa Lushoto, nyumba ya walokole. Niende au nitafute sababu ya kubaki? Matusi hapana, tafadhali.

Sokomoko: Nenda bwana! Wewe umefika Mexico, sisi wengine hata Mafinga tunaisikia tu. Kula, piga picha, rudi. Ila vaa raba, huwezi jua nani atainuka.

Mtumishi wa Nuru: Binti, soma Kumbukumbu la Torati 18. Kuwaandalia wafu chakula, mishumaa na ubani, hiyo ni ibada, hata wakiipamba kwa maua na mafuvu ya sukari. Baki chumbani, funga na kuomba.

Mzee wa Kihamba: Mtumishi usimtishe mtoto wa watu. Sisi Wakatoliki tarehe hiyohiyo ya 2 Novemba tunawaombea marehemu wote, na padri anapita kubariki makaburi. Kwetu Kilimanjaro wazee wamelala palepale shambani, chini ya migomba. Mdogo wangu alitaka kuuza kipande chenye kaburi la bibi, eti mnunuzi atalihamisha. Ukoo tulikaa vikao mpaka usiku wa manane. Mpaka leo hatusalimiani vizuri. Kaburi si kitu cha mchezo, binti yangu.

Mama Wawili: Dada, kuna kitu hujakisema. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya mwaliko wa kula. Umefiwa?

Bintimlima: Ndiyo dada. Baba alifariki Julai. Sikurudi kuzika. Kadi yangu ya ukaazi ilikuwa bado inashughulikiwa, nauli nayo hatukuwa nayo. Niliangalia mazishi kwa simu ya baba mdogo, mtandao ukakata wakati wanashusha jeneza.

Mama wa rafiki yangu alipojua, aliomba picha ya baba aiweke kwenye meza ya marehemu wao. Nilimtumia. Ameshaisafisha na kuitia fremu. Ameniuliza alikuwa anapenda kula nini, nikamwambia chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Mihogo sokoni kwao ipo.

Na kabla hamjaanza: siendi kumwomba baba chochote. Tiketi ya basi nimeshakata.

Sokomoko: Pole sana dada. Ule utani wangu uuache.

Mtumishi wa Nuru: Sasa ushauri unaomba wa nini, kama picha imeshatumwa na tiketi imeshakatwa? Pole kwa msiba, lakini Neno halibadiliki.

Bintimlima: Mtumishi, hata UNESCO imeiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu tangu 2008. Si jambo la kificho.

Mtumishi wa Nuru: UNESCO haimpeleki mtu mbinguni.

Ustadhi wa Tanga: Pole kwa kufiwa. Kwetu kuzuru makaburi na kumwombea maiti dua ni jambo jema, chakula tunawapa walio hai. Huo ubani wao unaitwa copal, unatokana na utomvu wa miti. Sisi watu wa pwani tuna sandarusi, ambayo wazungu walikuwa wakiinunua Zanzibar kutengenezea vanishi, nao waliiita copal vilevile. Marehemu babu alikuwa na kipande chenye mdudu ndani, tukigombania kukishika.

Kipanga: Wakuu mnalia na chai hii? Mexico haina ubalozi Dar. Viza ulipata wapi? Pili, nimewahi kusoma kwamba marehemu ambaye hajatimiza mwaka huwa hawamwekei meza. Baba kafa Julai, Oktoba yuko kwenye fremu. Umetunga, na umetunga vibaya.

Mama Wawili: Kipanga, huna mzazi wewe?

Kipanga: Ninaye, na simtungii hadithi.

Bintimlima: Kaka Kipanga, viza nilifuata Nairobi. Ubalozi wa Mexico ulioko pale ndio unaohudumia na Tanzania.

Hilo la mwaka ni kweli kwa baadhi ya sehemu, si zote. Huaquechula, mji uliopo jimbo hilihili la Puebla, ni kinyume kabisa: waliofariki mwaka huo ndio wanaojengewa meza kubwa za ghorofa, zimefunikwa satini nyeupe kuanzia chini hadi darini, na mgeni yeyote anakaribishwa ndani na kupewa chakula. Huko Oaxaca nilimuuliza mama mwenyewe kama baba si mapema mno. Akaniambia kwake hamfukuzi mtu. Jana alinitumia picha. Juu kuna tao la miwa lililofungwa maua ya njano ya cempasúchil. Wazazi wake wako katikati, kuna glasi ya maji, kisahani cha chumvi, na mikate ya huko yenye sura ndogo ya mtu iliyobandikwa juu. Baba yuko pembeni kushoto, na suti yake ya kanisani. Siiweki hapa. Ukitaka kuniita mwongo, niite.

Kipanga: La Huaquechula sikulijua. Pole dada.

Mzee wa Kihamba: Nenda mwanangu. Ila mama yako anajua?

Bintimlima: Hajui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilipanga nimwambie nikirudi. Ana presha, na nikimwambia sasa atanikataza.

Mama Wawili: Mko wanne, na kila mmoja ana simu. Kufika tarehe 2 picha ya mumewe itakuwa imeshazunguka, na atakayempelekea mama si wewe, ni jirani. Mpigie leo. Anza na yule mama aliyeuliza mumewe alipenda kula nini.

Mtumishi wa Nuru: Kwa hilo namuunga mkono dada. Usimfiche mjane.

Bintimlima: Akikataza je?

Mama Wawili: Utamwomba yule mama aitoe picha, na wewe utakwenda kama mgeni. Akikubali, utakwenda kama binti wa marehemu.

Bintimlima: Kesho anatoka ibada ya jioni saa mbili usiku. Huku kwangu itakuwa saa tano asubuhi. Nitapiga.

Sokomoko: Dada, samahani, hayo masomo unalipiwa na serikali yao? Maombi yanafunguliwa mwezi gani?