Naomba ushauri: ada ya chuo kwa mtoto wa mtumishi aliyefia kazini

Shikamoni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Moshi, naomba mnisaidie mawazo.

Kaka yangu alikuwa tabibu wa zahanati ya serikali. Alifariki kwa ajali ya gari wakienda kuchanja watoto vijijini, yaani yuko kazini kabisa. Binti yake amepata nafasi ya diploma ya uuguzi na chuo kinakaribia kufunguliwa. Huyu mtoto ana bidii sana, inaniuma akikaa nyumbani kwa sababu ya ada. Mama yake hana ajira, na mafao ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) yanasubiri mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi.

Cheti cha kifo tumeshakihakiki RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) na maombi ya mkopo HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) tumetuma, kwa kuwa siku hizi kozi za afya za diploma nazo zinakopeshwa. Madai ya fidia WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) yamepelekwa, bado hatujajibiwa. Kuhusu ada, halmashauri wanasema tuulize chuo; chuo wanataka barua ya mwajiri. Tumebaki katikati.

Je, kuna waraka au utaratibu wa serikali unaomsamehe ada mtoto wa mtumishi aliyefia kazini, au ni hiari ya chuo? Na fidia ya WCF ikitoka, inaweza kumpunguzia mkopo?

Aliyewahi kulishughulikia jambo kama hili, hasa huku Kilimanjaro au Arusha, tafadhali anieleze alianzia ofisi gani na barua alimwandikia nani.