Flashi ya kuokoa Windows 11: GB ngapi, na faili zangu je?

jirani_wa_bwawa (Jinja)
Habari zenu wandugu. Nina laptopu ya HP, Windows 11, SSD ya GB 256. Zimejaa kama GB 140: picha na hesabu za duka. Nataka flashi ya kuiokoa siku ikigoma kuwaka, na nakala ya faili. Ninayo flashi ya GB 8 na diski ya nje ya TB 1. Natumia data ya simu, sitaki kupakua kitu mara mbili. Umeme nao hukatika bila hodi. Nikiburuta folda kwenda diski ya nje, kazi hukwama katikati. Nianzie wapi?

fundi_arua
Ndugu, flashi ya kuokoa hurudisha Windows. Faili zako haibebi hata moja. Tena ukisakinisha upya kwa flashi hiyo, diski C hufutwa. Kwa hiyo nakili faili kwanza, flashi baadaye.

Flashi zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza laptopu hujitengenezea: andika RecoveryDrive kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha acha alama ya tiki kwenye mstari wa kunakili faili za mfumo. Ukiiondoa tiki hiyo utapata zana za kurekebisha tu, Windows yenyewe haimo. Njia hii haipakui kitu, lakini GB 8 haitoshi. Huanzia GB 16, na mimi ningenunua ya 32 kabisa. Kwenye flashi goigoi yaweza kuchukua zaidi ya saa nzima, usiichomoe ukidhani imeganda.

Ya pili ni Media Creation Tool ya Microsoft. Hapo GB 8 yako inatosha, ila itakula GB kadhaa za data. Faida yake ni kwamba itafaa hata kompyuta ya jirani. Usijaribu njia ya mkato ya kuburuta faili za ISO (kifurushi cha kusakinisha Windows) kwenye flashi yenye mpangilio wa FAT32: FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na install.wim, faili kubwa iliyobeba Windows yenyewe, siku hizi huzidi hapo.

Zote mbili hufuta kila kilichokuwa ndani ya flashi.

mwandishi_kla
Fundi amesahau ufunguo. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofumba data ya diski, ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku ya shida unakutana na skrini ya bluu inayodai tarakimu 48, na bila hizo SSD ni jiwe. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi:

manage-bde -protectors -get C:

Kama imefungwa, zile tarakimu zitatokea hapo. Ziandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati ya kiwanja. Kuzihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo ni kufungia ufunguo ndani ya sanduku.

Hapohapo toa na draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama Wi-Fi. Unda folda E:\draiva (E iwe diski yako ya nje), halafu:

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

Windows mpya mara nyingine haiitambui Wi-Fi, na bila intaneti usakinishaji husimama njiani. Kwenye mashine nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, programu ya kusakinisha inaweza hata kusema hakuna diski, kwa kuwa haina draiva ya VMD, sehemu ya Intel inayosimamia SSD. Watu huuziwa SSD mpya kwa kosa hilo, na dawa ilikuwa kuielekeza kwenye folda ya draiva tu.

karani_mbale
Kuhusu kukwama, acha kuburuta. Tumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, yote mstari mmoja, weka jina lako la mtumiaji badala ya JINA:

robocopy C:\Users\JINA E:\nakala /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1 /LOG:E:\nakala.txt

Usiziache R na W. Bila hizo robocopy hurudia faili iliyogoma mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara. XJ huruka njia za mkato zinazoizungusha folda ndani yake. AppData tunairuka kwa kuwa imejaa faili zilizofungwa na programu. Ila alamisho za kivinjari zimo humo, zitoe kando. Na /MIR usiiguse kama hujaizoea, maana ulichofuta C itakifuta na kwenye nakala.

Umeme ukikatika, rudia amri ileile. Faili zilizokwisha kunakiliwa itaziruka. Diski ndogo ya inchi 2.5 hula umeme wa laptopu, haitazimika. Ile ya inchi 3.5 yenye adapta yake itakufa pale pale.

GB 140 kwa USB 3, kasi ya MB 100 kwa sekunde, ni kama dakika 25. Kwa tundu la zamani la USB 2 hesabu saa moja na robo au zaidi. Na faili zenye alama ya wingu za OneDrive haziko kwenye SSD: ukizinakili zitapakuliwa, kwaheri data.

jirani_wa_bwawa
Asanteni sana. Flashi ya GB 32 nitanunua mjini. Nitajuaje ni ya kweli?

fundi_arua
Ijaze kwa programu ya kupimia flashi iitwayo H2testw kabla ya kuitumia. Huandika mpaka mwisho kisha husoma tena; flashi bandia huonyesha makosa wakati wa kusoma. Ukishaitengeneza, zima laptopu, iwashe ukigonga Esc mfululizo, bonyeza F9, chagua flashi. Ukiiona skrini ya kuchagua lugha ya kibodi, inawaka. Zima hapo, usiendelee mbele.